Harusi Iliyogeuka Kijani

Mtaani wanamwita Kinyozi, ingawa hajagusa kichwa cha mtu tangu alipouza mashine za kunyolea akanunua kamera. Jina lilikataa kutoka. Ukimuuliza kwa nini halitoki, atakwambia kazi ni ile ile, zamani akipunguza nywele na sasa anapunguza harusi. Unamletea harusi ya kutwa nzima, anakurudishia ya saa moja, imetulia, inatazamika, haina wale wajomba wanaoshika maikrofoni wakasahau kuirudisha. Yeye mwenyewe ni mjomba wa mtu, tena mjomba wa kushika maikrofoni hasa, lakini hilo ukimkumbusha anageuka kiziwi.

Chumba chake cha kazi ni kile kile alichokuwa akinyolea. Kioo kirefu bado kiko ukutani, na chini ya kioo, pale palipokuwa na machanuo na poda, sasa pamekaa laptop. Kiti cha kuzunguka hakukiuza. Anakikalia mwenyewe, na kazi ikimwendea vizuri utamkuta anajizungusha mzima mzima mpaka miwani inataka kumtoka. Mkewe ni mwalimu wa darasa la kwanza, na hata nyumbani wanamwita Mwalimu. Husema wanafunzi wake wote wana utulivu kumshinda mumewe, na hakuna aliyewahi kumbishia.

Jambo moja lazima niliseme mapema, maana bila hilo kisa chote hakishikiki. Kinyozi hazimi laptop. Hazimi ng'o. Jioni huifunika tu, akaitandazia kile kitambaa cheupe alichokuwa akiwavalisha wateja, akaondoka zake kwa kunyata. Enzi za kunyoa alijiwekea sharti kwamba hakuna mtu atakayeinuka kitini amenyolewa upande mmoja, na kuzima kompyuta kazi ikiwa katikati anaona ni kosa lile lile. Kompyuta ikimwandikia kwamba inaomba kuwashwa upya, anabonyeza "baadaye". Imemwomba kwa upole, imemwomba kwa maandishi makubwa, jibu ni baadaye. Betri ilishakufa zamani, laptop inaishi kwa waya wa ukutani, na bado akawa anaikalisha macho miezi na miezi.

Sasa, Kinyozi ana dada yake mkubwa, na hapa tuache mzaha kidogo. Wazazi wao walifariki yeye akiwa bado mtoto wa kufutwa kamasi, na dada, aliyekuwa msichana tu wa kushona vifungo kwa fundi nguo, ndiye aliyemvalisha, akamsomesha, akamchapa alipostahili, na baadaye akamkodishia chumba hiki hiki aanze kunyoa. Dada huyo ana mtoto mmoja tu, binti. Binti akapata mchumba, harusi ikapangwa, mama mtu akashona gauni kwa mikono yake mwenyewe. Siku chache kabla ya harusi, akateleza bafuni akavunjika nyonga.

Watu walitaka harusi isogezwe mbele. Haikuwezekana, kwa kuwa bwana harusi anafanya kazi nchi ya mbali na likizo ilikuwa inamwishia, na aliyekataa kwa sauti kubwa kuliko wote ni dada mwenyewe. Alituma neno kutoka wodini kwamba anayetaka kuahirisha aende akamwambie yeye usoni, na hakuna aliyekwenda. Harusi ikafungwa. Watu wakala, wakacheza, wakaangusha viti. Mama wa bibi harusi akaipata kwa kusimuliwa, kila mgeni akija na harusi yake, na kila aliyemwonea huruma aliambiwa kwamba maadamu mtoto ameolewa, yeye hana neno.

Kinyozi hakumwamini hata kidogo. Anamjua dada yake. Anapokuwa na neno ndipo anaposema hana neno. Hospitali ingemruhusu Jumamosi mchana, na binti na mumewe wangesafiri Jumapili alfajiri, kwa hiyo hapo katikati palikuwa na alasiri moja tu. Kinyozi akaenda wodini, akainama kando ya kitanda.

"Dada, Jumamosi utaiona harusi, na mwanao akiwa ubavuni mwako."

Dada akamuuliza kama hayo ni maneno ya mdogo wake au ni maneno ya kinyozi anayemvuta mteja. Kinyozi akaapa kwa kaburi la mama yao, na dada akageuza uso ukutani ili asionekane anavyofurahi.

Basi wiki nzima akawa anakata. Kazi ilikwenda, ila laptop ilianza kuchoka. Akicheza kipande, picha inakwamakwama, sauti inafika kwanza na midomo inaifuata kwa nyuma. Angeweza kwenda nayo hivyo hivyo, lakini Kinyozi si mtu wa kuumwa kimya. Alilalamika kwa Mwalimu wakinywa chai. Alilalamika kwa shemeji yake, mdogo wa Mwalimu, fundi simu mwenye duka ng'ambo ya barabara, aliyekuja kuomba sukari akaondoka na hotuba. Alilalamika hadi kwa muuza maji. Na mtu anayependwa akilalamika, watu husikia. Walisikia kweli kweli, na balaa lilipitia hapo.

Jumamosi asubuhi kazi ilikuwa imebaki ya kumalizia tu. Kinyozi akaweka mahali pake kipande cha bibi harusi akicheka na krimu ya keki puani, akakipenda mno, akajisahau, akajizungusha kitini. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mtamu. Wa pili mguu ukanasa waya, waya ukachomoka ukutani, na skrini ikawa nyeusi tititi.

Alichomeka waya upesi, akabonyeza kitufe cha kuwashia, akangoja. Laptop iliwaka kivivu, ikapepesa, ikazima, ikawaka tena, ikaandika maneno mengi kwamba inakamilisha maboresho na asiizime. Nani alitaka kuizima? Akangoja huku anaumauma kucha. Hatimaye akafungua programu yake ya kukatia video, na harusi yote ilikuwepo, haikupotea hata punje. Ila bibi harusi alikuwa kijani.

Kijani kabisa, kama mchicha. Gauni kijani, meno kijani. Bwana harusi alikuwa amekatika vipande vya mlalo, kichwa huku, tai kule, na wasimamizi wao walibaki macho tu. Kinyozi akajaribu kuicheza, programu ikafikiri kidogo, ikajifunga yenyewe. Akaifungua, ikajifunga. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaona kijani kile kile. Hakuona harusi tena, alimwona dada yake amelala na uso kauelekeza ukutani, safari hii si kwa furaha.

Akatoka mlangoni akapiga ukelele mmoja, na Mwalimu akatokea nyumbani na shemeji akatokea dukani, bisibisi iko sikioni. Shemeji ana maneno mengi na yote anayasema kwa uhakika. Alitazama skrini kidogo tu, akatikisa kichwa kama daktari, akatangaza kwamba kadi ya picha imekufa na kilichobaki ni kuizika. Kinyozi akakaa chini, sakafuni, si kitini. Mwalimu akamtazama mumewe, akamtazama mdogo wake, akasema kabla ya kuzika mtu huwa anapimwa mapigo kwanza.

Wakapima. Laptop ile ina kadi mbili za picha. Moja ni ndogo, imejengwa humo humo, ya kazi nyepesi kama kusoma barua. Nyingine ni kubwa, ya kazi nzito kama hii ya video. Kila kadi inahitaji draiva yake, yaani ile programu ndogo inayoiambia kadi ichore nini na ichoreje. Shemeji akafungua mahali panapoonyesha vifaa vyote vya ndani ya kompyuta, na pale kwenye kadi kubwa palikuwa na kialama cha njano cha onyo. Haikuwa imekufa, ilikuwa inagombana. Mwalimu akasema wafungue na orodha ya programu zilizowekwa karibuni. Wakafungua, na draiva za picha zikawa tatu, zote za wiki ile ile.

"Tatu," Mwalimu akasema, kisha akanyamaza ghafla.

Shemeji naye akanyamaza, jambo ambalo si la kawaida. Kinyozi, pale sakafuni, alianza kutazama kucha zake. Kioo cha ukutani kiliwaonyesha wote watatu, na wote watatu waliogopa kutazamana humo.

Aliyeanza kusema ni Mwalimu, kwa kuwa kila siku anawaambia watoto waseme ukweli. Mapema wiki ile alikuja kumletea mumewe chai, akakuta hayupo, na kwenye skrini pana tangazo la draiva mpya ya picha. Akasema masikini mume wangu, ngoja nimpunguzie kelele, akakubali. Kompyuta ikaomba kuwashwa upya, naye akijua masharti ya mwenyewe, akabonyeza "baadaye".

Shemeji akakohoa. Yeye siku iliyofuata aliachiwa chumba akilinde Kinyozi alipokwenda msalani, akaona hiyo ndiyo fursa ya kumfanyia shemeji yake jambo la maana. Akavuta mtandaoni draiva mpya kabisa, ya juu, iliyotoka juzi juzi. Ilikuwa ya laptop iliyofanana na hii, alisema, na anaposema kufanana ana maana rangi. Naye akabonyeza "baadaye".

Wote wawili wakamgeukia Kinyozi. Kinyozi akajitetea kwamba ya kwake ni mali yake na ana haki. Alikuwa ameweka programu fulani aliyoiona kwenye tangazo, iliyoahidi kutafuta draiva zote na kuifanya kompyuta ikimbie kwa kubonyeza mara moja tu. Alibonyeza. Hata yeye hakuwaambia wenzake, maana alitaka wamkute siku moja laptop inaruka tu, wamwulize siri yake ni nini.

Basi draiva tatu zikawa zinangoja, kila moja na tikiti yake mkononi, kompyuta iwashwe upya ziingie. Na asubuhi ile waya ulipochomoka, mlango ukafunguka, zote zikajitupa ndani kwa pamoja na kukwama mabega mlangoni. Wa kulaumiwa hakuwepo, kwa kuwa wote walikuwepo. Kinyozi alitaka kukasirika, akajaribu hata kukunja uso, lakini kicheko kikamponyoka. Mwalimu akafuata, akaegemea ukuta. Shemeji akacheka mpaka bisibisi ikadondoka sikioni. Wakacheka hivyo, machozi yanawatoka, na bibi harusi kijani anawatazama kutoka kwenye skrini.

Ila kucheka hakukusogeza saa nyuma, na ilikuwa inakwenda adhuhuri. Mwalimu akafuta macho, akavaa sauti yake ya darasani. Kuanzia sasa, alisema, mkono kwenye mashine ni mmoja, wa shemeji mtu. Yeye mwenyewe atakuwa anasoma maelekezo kwenye simu yake, hatua moja baada ya nyingine, na hakuna kwenda hatua ya pili ya kwanza haijathibitishwa. Mumewe atakalia kiti na hatagusa kitu. Kati ya kazi zote hizo, ya Kinyozi ndiyo iliyokuwa ngumu.

Jambo la kwanza walinakili harusi nzima kwenye diski ya pembeni, ili hata laptop ikiamua kufa isiondoke nayo. Kisha wakaitoa ile programu ya kubonyeza mara moja, ambayo iliuliza mara kadhaa kama kweli wana uhakika. Baadaye wakaiwasha laptop katika ile hali ya usalama, inayobeba vitu vya lazima tu na kuacha mapambo, na humo shemeji akafuta draiva zote za picha, bila kuacha hata moja. Wakaiwasha upya. Maandishi yalikuja makubwa na mabaya, ila yametulia. Kinyozi akasogeza mkono kuelekea kipanya, Mwalimu akautazama mkono ule, ukarudi ulikotoka.

Mara skrini ikapepesa. Ikapepesa tena, maandishi yakawa madogo na mazuri ghafla, na kialama cha njano kikarudi mahali pake kana kwamba kilikwenda kunywa maji. Wakafungua harusi, kijani. Shemeji akakuna kichwa. Akafuta tena zote, akawasha upya, na kabla hajasema lolote zikarudi. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Kinyozi alimwona shemeji yake hana la kusema na hana la kufanya, na hilo lilimtisha kuliko ule ukijani. Saa ile ile simu yake ikalia. Ni mpwa wake, bibi harusi. Alikuwa anamjulisha mjomba kwamba mama keshatoka hospitali, kafika, kalazwa kitandani kwake, kakataa kulala usingizi, na anauliza video inafika saa ngapi. Kinyozi akajibu inakuja, inakuja sasa hivi, akakata simu, akafunika uso kwa viganja vyake.

Mwalimu alikuwa ameinamia skrini, pua karibu iguse kioo chake, anatazama pembeni kabisa chini, kwenye kialama kidogo cha mtandao. Laptop ilikuwa mtandaoni. Na mtandao wenyewe ulikuwa unatoka kwenye mfuko wa shati la mdogo wake, kwenye simu ambayo siku zote anaiacha inagawa mtandao kwa kila anayejua neno la siri, na laptop ilikuwa inalijua tangu siku ile aliyoivutia draiva ya juu. Kila walipofuta draiva, kompyuta yenyewe iliona ina upungufu, ikaingia mtandaoni kimya kimya, ikajichukulia nyingine.

"Unaona, mume wangu," Mwalimu akasema. "Hata mashine inakupenda, nayo inakusaidia bila kukwambia."

Shemeji akazima simu kabisa, akaipeleka mbali, akaiweka kwenye dirisha kama kitu kilichofanya kosa. Kisha Mwalimu akaigeuza laptop chini juu akasoma kile kibandiko kilichofifia, herufi kwa herufi, mpaka za mwishoni kabisa ambazo hakuna anayejisumbua nazo. Na hizo za mwishoni ndizo zilizotofautiana na zile za draiva ya shemeji. Shemeji akavuka barabara mbio, akaitafuta kwenye kompyuta ya dukani draiva iliyotolewa na waliotengeneza laptop hii hii, si mpya, ya zamani kidogo, akarudi nayo kwenye flashi huku anahema. Wakafuta zote kwa mara ya mwisho. Wakaweka hiyo moja. Kompyuta ikauliza, iwashwe upya sasa au baadaye?

Mwalimu akamsogezea mumewe kipanya. Kinyozi alitazama lile neno "baadaye" kwa huzuni ya mtu anayeagana na rafiki, akabonyeza "sasa", akafumba macho.

Alipofumbua, kialama cha njano hakikuwepo. Shemeji akaiambia programu ya video itumie kadi kubwa, akacheza. Bibi harusi akaingia ukumbini na uso wake mwenyewe, mweusi wa kung'aa, na gauni jeupe alilolishona mama yake, na bwana harusi kichwa na tai vimekutana. Haikukwama hata mara moja. Sauti na midomo vikaenda pamoja. Kinyozi akajiandaa kuzunguka, Mwalimu akawa amekwisha kukanyaga mguu wa kiti.

Hapo sasa ndipo likaja lile la mwisho. Video ikimalizika kukatwa hairuhusiwi kutoka hivi hivi, lazima irendwe, yaani kompyuta iipike vipande vyote viwe kitu kimoja cha kuingia kwenye simu au televisheni. Kwa harusi ndefu kama ile, kupika kungemeza alasiri yote. Kinyozi alihesabu akilini, akaona dada yake ataletewa harusi mwanawe akiwa anafunga mabegi. Akasema haiwezekani. Mwalimu akamuuliza kwani pale inacheza au haichezi. Akakubali inacheza, lakini humo ndani ya programu, na vipande vyake vyote viko nje nje, na mwisho haujafungwa, na katika maisha yake hajawahi kumwonyesha mtu kazi iliyonyolewa upande mmoja.

"Dada yako hakukulea kwa vipande vizuri tu," Mwalimu akamwambia. "Zima hiyo laptop, uibebe."

Akaizima. Kwa hiari yake, kwa mkono wake. Wakashika njia watatu hao, yeye kaikumbatia laptop kifuani, Mwalimu na diski mkobani, shemeji nyuma na waya wa umeme shingoni, anawaambia watu njiani wapishe, kuna harusi inapita. Watu wakapisha kweli.

Dada alikuwa kitandani, mguu juu ya mito, kajifunga kitambaa kipya kichwani kama anayengoja wageni. Binti alikuwa pembeni yake juu ya kitanda hicho hicho, miguu kaikunja kama alivyokuwa akifanya utotoni. Wakasogeza meza ya kupigia pasi ikapita juu ya kitanda, wakaweka laptop juu yake, wakachomeka, wakawasha. Shemeji alikuwa ameshika ukingo wa meza kana kwamba itaruka. Skrini ikaja, programu ikaja, harusi ikaja na rangi zake, na dada akasema hewaa, mnanitazama nini usoni, tazameni harusi.

Wakatazama. Dada alicheka, akapiga makofi, akamsema wifi yake fulani wa upande wa pili kwa viatu alivyovaa, akataka kujua nani alikata keki vile. Kila kitu kilikwenda vizuri kupita alivyotarajia Kinyozi. Lakini dada ni dada, jicho lake likashuka chini ya skrini kwenye ile mistari ya vipande, akauliza hivyo vilivyosukumwa pembeni ni vya nini. Kinyozi akasema ni takataka, ni alivyovitupa. Dada akasema kwa kuwa yeye alikosa nyama na mifupa, mifupa nayo ailete.

Akaanza kumchezea mifupa. Mtoto aliyelala chini ya meza na kiatu cha mtu kifuani. Mjomba mmoja aliyeshika maikrofoni akatafuta maneno asiyapate, na mjomba huyo alikuwa Kinyozi mwenyewe. Dada alicheka mpaka Mwalimu akamkumbusha nyonga. Kisha kikaja kipande ambacho Kinyozi alikitupa siku ya kwanza, kwa sababu hakina sura ya mtu. Bibi harusi amefika mbele, watu wamesimama, na badala ya kutazama mbele, anageuka nyuma. Kamera inapata kisogo chake tu na shela. Amegeuka kuelekea mlangoni, na anakaa hivyo, anakaa mno, mpaka bwana harusi anamgusa mkono ndipo anageuka.

"Rudisha hapo," dada akasema.

Akarudisha. Kisogo, shela, mlango ulio wazi hauna mtu.

"Ulikuwa unatazama nini?"

Binti akachezea ncha ya shuka. "Nilikuwa nakutafuta wewe, mama. Nilijua hupo, lakini shingo iligeuka yenyewe."

Dada ndiye aliyemwambia kila mgeni wodini kwamba hana neno, na siku ile ya harusi, alikuja kusema baadaye, alilala anatazama dari akiwaza kwamba wanacheza, wanafurahi, na hakuna anayekumbuka kwamba amekosekana mtu. Lilimuuma jambo hilo kuliko mfupa. Akaomba kipande kile mara nyingine, Kinyozi akakirudisha, na mara nyingine tena, na kila mara mtoto wake aligeuza kichwa, akautazama mlango kwa muda mrefu vile vile. Shemeji, mwenye maneno yake yote, alikwenda kusimama dirishani akajifanya anakagua waya. Dada akamvuta binti kwa shingo ile ile, akakiegemeza kichwa chake begani, na machozi yakamshuka huku anacheka.

"Kumbe nilikuwepo," akasema. "Mdogo wangu, hicho kiweke."

Kinyozi alikirudisha mahali pake, chote, bila kupunguza hata kidogo, kisha akaiacha harusi iendelee kucheza mpaka kwenye ngoma.